Bunduki ya peintiboli inavuja, inapasua mipira na kujifyatulia: nianzie wapi?

*Tumechanga watu sita wa ofisini hapa Nairobi tukanunua bunduki mbili za peintiboli zilizotumika, aina ya Tippmann 98, pamoja na mitungi miwili ya kaboni dioksaidi ya aunsi 20. Moja haina shida. Nyingine inavuja pale mtungi unapoingia, inapasua mipira ndani ya mtutu, na juzi nilibonyeza mara moja ikafyatua mara tatu au nne yenyewe. Fundi mmoja amenishauri nitie mafuta ya cherehani na kuweka springi ngumu zaidi. Mwingine anasema mtungi nipeleke kwa wanaojaza vizima-moto, au hata kwa mchomelea vyuma. Nianzie wapi? Na je, wapwa zangu wa miaka 12 wanaweza kucheza nayo nyuma ya nyumba tukivaa miwani ya kazi za ujenzi?*

Ndugu msomaji, umeuliza kana kwamba bunduki hiyo ina maradhi matatu. Kwa dalili ulizozitaja, nashuku ni ugonjwa mmoja uliozaa mengine, na huenda tiba yake ni oringi mbili, yaani pete ndogo za kuziba gesi. Tutafika huko. Lakini kuna mambo mawili katika swali lako ambayo hayawezi kungoja, na naomba usifunge mtungi kwenye bunduki kabla hujayasoma.

La kwanza ni mchomelea vyuma. Huko usiende kabisa. Mtungi wake wenye shinikizo kubwa ni wa oksijeni, na oksijeni tupu hugeuza mafuta, raba na hata chuma kuwa kuni. Gesi yenye shinikizo kubwa inapokimbilia ghafla ndani ya tundu dogo, hupata joto kali kwa sekunde moja. Tone la mafuta likiwa pale, na oksijeni ndiyo gesi yenyewe, moto huwaka ndani ya chuma ulichokishika mkononi. Bunduki ya rangi hutumia gesi mbili tu: kaboni dioksaidi, au hewa ya kawaida iliyoshindiliwa katika mtungi wake maalumu. Kompresa ya kujaza upepo wa magurudumu nayo haifai, kwa sababu nyingine: hufikia bar kumi hivi, ilhali mtungi wa hewa wa peintiboli hujazwa bar 207 au 310, yaani psi 3,000 au 4,500.

La pili ni miwani. Mpira wa rangi una kipenyo cha milimita 17.3 na uzito wa takriban gramu 3, na hutoka kwenye mtutu kwa mwendo wa futi 280 hivi kwa sekunde, zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Ngumi au mpira wa miguu ukikupiga jichoni, mfupa wa kikombe cha jicho hupokea sehemu kubwa ya kishindo kwa sababu vyenyewe ni vikubwa kuliko kikombe hicho. Mpira wa rangi ni mdogo kuliko kikombe. Unapita katikati ya mifupa na kulifinya jicho lenyewe. Ndiyo maana jeraha lake si la kuvimba tu. Linaweza kuwa damu ndani ya jicho, retina iliyochanika, au jicho lililopasuka.

Miwani ya ujenzi imetengenezwa kwa vumbi na vipande vya chuma vinavyoruka. Iko wazi pembeni na hudondoka usoni ukikimbia. Unahitaji barakoa ya peintiboli inayofunika macho, masikio na mdomo, yenye mkanda wa kuzunguka kichwa, na iliyoandikwa ASTM F1776, kiwango kilichowekwa kwa ajili ya mchezo huu. Kioo chake ukisafishe kwa maji na kitambaa laini. Dawa za kusafishia madirisha zenye amonia hukidhoofisha bila wewe kuona. Kikiwa na ufa, au kikipigwa kwa karibu sana, kibadilishwe. Barakoa ikiingia ukungu, mchezaji atoke uwanjani akiwa ameivaa. Watu wengi waliopoteza jicho katika mchezo huu walikuwa na kinga, ila walikuwa wameiinua kwa sekunde chache tu wapate kuona vizuri.

Sasa tuje kwenye bunduki.

Tippmann 98 haina betri wala ubongo wa kielektroniki. Ndani yake kuna vipuri viwili vinavyotembea pamoja, vikiwa vimeunganishwa kwa kijiti cha chuma: pistoni ya mbele inayosukuma mpira kuingia mtutuni, na nyundo ya nyuma inayosukumwa na springi. Ukivuta mpini wa pembeni kuelekea nyuma, nyundo hukandamiza springi na kunaswa na kidoano. Ukibonyeza kifyatuo, kidoano huachia, nyundo huenda mbele na kuigonga valvu. Valvu hufunguka kufumba na kufumbua, na gesi hugawanyika njia mbili. Nyingine hukimbia mbele na kuurusha mpira. Nyingine hurudi nyuma na kuisukuma nyundo hadi inaswe tena na kidoano, tayari kwa mpigo unaofuata.

Hapo kwenye gesi inayorudi nyuma ndipo penye siri ya bunduki yako. Ikiwa gesi hiyo ni dhaifu, nyundo hurudi nusu ya safari. Haifiki kwenye kidoano. Springi inaitupa tena mbele, inaigonga valvu tena, gesi dhaifu inaisukuma tena nusu njia, na mchezo unaendelea hivyo hivyo huku kidole chako kimeshatoka kwenye kifyatuo. Hiyo ndiyo mipigo mitatu au minne uliyoisikia. Sasa kumbuka kwamba mipira hushuka kutoka kwenye kikapu kwa uzito wake tu. Nyundo ikicheza upesi hivyo, mpira hukutwa haujamaliza kuingia, na pistoni inaukata katikati. Rangi inatapakaa mtutuni, mpira unaofuata unateleza kwenye rangi hiyo na kupasuka nao. Na kwa nini gesi iwe dhaifu? Kwa sababu inavuja mtungini kabla ya kufika kazini. Kuvuja, kujifyatua na kupasua mipira: mnyororo mmoja.

Kwa hiyo ushauri wa springi ngumu uachane nao. Springi ngumu inahitaji gesi yenye nguvu zaidi kuirudisha nyuma, na gesi ndiyo unayoikosa. Utaongeza ugonjwa.

Anza na oringi ya mtungi, ile pete ya mviringo iliyo juu kabisa kwenye mdomo wa valvu. Kipimo chake huitwa 015: tundu la ndani ni milimita 14, unene milimita 1.8 hivi. Barabara ya Kirinyaga utapata za kipimo hicho bila shida, lakini uliza ya poliyurethani, ambayo mara nyingi huwa ya rangi ya asali au nyeupe inayopenyeza mwanga. Ile nyeusi ya raba ya kawaida hunywa gesi ya kaboni, huvimba, na ukifungua mtungi gesi iliyojificha ndani yake hutoka kwa ghafla na kuichana. Nunua kumi, hazigharimu kitu. Itoe ya zamani kwa kijiti cha mbao au plastiki, kamwe si kwa bisibisi, kwa sababu mkwaruzo mmoja kwenye mfereji wake utavuja milele. Futa mchanga kwenye hesi (mistari ya kuzungushia) za mtungi na za bunduki, weka pete mpya, tia tone moja la mafuta ya bunduki za rangi, kisha ufunge mtungi kwa mkono.

Kama bado unasikia mvujo, usiutafute kwa kidole. Gesi inayotoka kwenye upenyo mdogo kwa bar 57 inaweza kupenya ngozi, na kaboni dioksaidi ikitoka hali ya umaji huunguza kwa baridi. Pakaza maji ya sabuni utazame mapovu. Yakitoka pale mtungi unapokutana na bunduki, rudia oringi na usafi wa hesi. Ukisikia upepo mdomoni mwa mtutu, kiti cha valvu ya ndani kimechafuka au kimechoka. Na yakitoka kati ya valvu na shingo ya mtungi wenyewe, simama hapo hapo, nitakueleza.

Oringi ya pili ni ile iliyoizunguka nyundo. Kazi yake ni kuzuia gesi ya kurudi isipite pembeni. Ikikauka au ikichubuka, nyundo haisukumwi vizuri hata mtungi ukiwa umejaa. Hakikisha kwanza bunduki haina gesi wala mpira, vuta mpini nyuma, na kupitia ule mwanya wa pembeni tia tone moja au mawili juu ya pete hiyo, kisha vuta na kuachia mara kadhaa. Likishindikana, ndipo ufungue mwili wa bunduki kwa ufunguo wa aleni. Fungua ukiwa umevaa miwani, juu ya shuka au sinia, maana springi ya nyundo huruka na vipuri vidogo hupotea. Piga picha kabla ya kutoa chochote. Ukiwa ndani, tazama ncha ya kidoano na ukingo wa nyundo unaonaswa nacho. Vikiwa vimeviringika kwa kulika, nyundo itateleza hata kama gesi ni nzuri, na hapo dawa ni kununua vipuri hivyo vipya. Kuvinoa kwa tupa ni kuifanya bunduki ijifyatue kwa kutikiswa tu.

Mafuta ya cherehani hapana. Hutokana na mafuta ghafi, na baadhi ya oringi huvimba au kulainika kwayo. Siku utakapohamia kwenye mtungi wa hewa yatakuwa hatari kubwa zaidi, kwa sababu ile ya mafuta kuwaka kwenye tundu la shinikizo hutokea hata kwa hewa ya kawaida. Dawa za kupuliza za kulainisha kutu nazo ni hivyo hivyo. Tafuta mafuta yaliyoandikwa kuwa ya bunduki za rangi zinazotumia gesi. Kichupa kidogo hudumu msimu mzima: matone matatu au manne kwenye tundu la kuingilia gesi kabla ya siku ya kucheza yanatosha. Mtutu haupakwi mafuta hata tone. Unapitishwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, kisha kikavu.

Mipira yenyewe pia huchangia kupasuka. Ganda lake ni jelatini, sawa na la vidonge vya hospitali, kwa hiyo hunywa unyevu. Iliyokaa ghalani Mombasa huweza kufika Nairobi ikiwa imevimba na kuwa na umbo la yai. Iliyolala kwenye baridi ya Julai huwa kavu na huvunjika kama ganda la yai. Toa mtutu, tia mpira mmoja kwa nyuma. Unapaswa kukaa bila kuteleza wenyewe, na kutoka ukiupuliza kwa mdomo. Usiopita ni mnene mno, na unaodondoka ni mwembamba mno. Usitumie kamwe mpira uliookotwa chini, hata ukiuosha, kwa sababu chembe ya mchanga iliyoshika ganda hukwaruza mtutu na kuumiza mtu.

Kuhusu kujaza: kaboni dioksaidi tunayo nyumbani, huchimbwa ardhini kule Kereita, Kiambu, na wanaojaza vizima-moto wanaishughulikia kila siku. Swali ni kama wana adapta sahihi ya mtungi wako na mizani ya gramu. Mtungi huu haupimwi kwa geji bali kwa uzito. Ukiwa mtupu uandike uzito wake. Ukijazwa, usizidi hapo kwa zaidi ya gramu 567, ambazo ndizo aunsi 20. Sababu ni kwamba ndani kuna maji ya gesi, yaani gesi iliyogeuka kimiminika, na mvuke juu yake, na geji husoma karibu namba ile ile ujazo ukiwa robo au tele: bar 45 hivi kwa nyuzi 10, bar 57 kwa nyuzi 20, bar 72 kwa nyuzi 30. Ukijazwa kupita kiasi, nafasi ya mvuke inakwisha, na ukiuacha kwenye gari lililoegeshwa juani shinikizo hupanda bila mfano. Mtungi mzuri una kisahani cha usalama kinachopasuka kabla ya chuma, lakini hutaki kuwa ndani ya gari siku hiyo. Anayekuambia "nitajaza kwa makadirio", mshukuru uondoke.

Namba hizo za nyuzi zinaeleza jambo jingine. Asubuhi ya Julai, bunduki iliyofanya kazi vizuri Februari huanza kujifyatulia bila kuwa na ubovu wowote. Mtungi umepoa, na kila mpigo unaupoza zaidi. Piga polepole, na ushike bunduki mtutu ukiwa umeinuka kidogo kuliko kitako ili maji ya gesi yasiingie kwenye valvu. Mtungi wa hewa hauna shida hii, kwa kuwa kidhibiti chake hutoa psi 800 hivi wakati wote, na bunduki yako inaukubali. Kwa utendaji ni bora, nakubali bila kusita. Tatizo ni pa kuujaza: unahitaji kompresa ya aina ya wapiga mbizi, yenye hewa kavu na iliyochujwa. Kama uwanja mnaochezea unayo, hamieni huko. Kama mtakuwa mnacheza mara moja kwa mwezi na hakuna kompresa karibu, bakini na kaboni mkiwa na mizani.

Baada ya kila ukarabati pima mwendo kwa kronografu, kifaa kinachosoma kasi ya mpira unapotoka mtutuni. Viwanja vingi huruhusu futi 280 kwa sekunde, na 300 ndiyo dari isiyovukwa popote. Kwenye Tippmann 98 skrubu ya mwendo iko upande wa kushoto, na kuikaza kunapunguza mwendo. Nakutahadharisha kwa sababu bunduki nyingine nyingi ni kinyume chake, na mtu huzidisha akidhani anapunguza. Zungusha robo, piga mitano, soma, ndipo uzungushe tena. Hapa Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani, hivyo mpira hupoteza kasi polepole zaidi. Ningeweka 270 na kukataza kupigana chini ya mita sita.

Mtungi unapotolewa, toa kikapu cha mipira kwanza, hakikisha mtutu hauna kitu, kila mtu akiwa na barakoa. Zungusha mtungi robo tatu ya mzunguko, elekeza ardhini, fyatua mpaka isimame, kisha malizia. Na hapa narudi kwenye ile shingo ya mtungi. Chora mstari wa rangi ya kucha unaovuka kutoka kwenye valvu hadi kwenye mtungi. Mstari ukikatika wakati unafungua, maana yake valvu ndiyo inayofunguka badala ya mtungi kutoka kwenye bunduki. Acha mara moja. Mtungi uliochomoka kwenye valvu yake huruka kama roketi, na huko Marekani umekwisha kuua. Usiurudishe kwa nguvu zako. Peleka kwa wanaopima mitungi ya shinikizo Industrial Area, na ukiwa huko waonyeshe tarehe iliyogongwa kwenye chuma. Mitungi hii hupimwa kwa maji kila baada ya miaka 5, na mitungi ya hewa iliyozungushiwa nyuzi za kaboni hustaafu ikifika miaka 15.

Wapwa zako? Kwa bunduki hii, na nyuma ya nyumba, jibu langu ni hapana. Mpira hupita mita 60 kwa urahisi, na ukuta wa jirani hauzuii kitu. Watoto wa umri huo wana bunduki zao ndogo za inchi 0.50, zenye mipira myepesi na mwendo wa chini, katika viwanja vyenye nyavu na msimamizi. Wapelekeni huko. Na ninyi wakubwa, ulizeni Bodi ya Leseni za Silaha kuhusu umiliki na usafirishaji kabla ya kuitoa nyumbani tena. Njiani iwe ndani ya mkoba uliofungwa, bila gesi, mtutu ukiwa na soksi yake ya kuziba. Askari wa kizuizini hana namna ya kujua kwa mbali kuwa ni ya rangi.

Mtu akipigwa jichoni, msilisugue, msilioshe kwa nguvu wala kutia dawa yoyote. Lifunikeni kwa kikombe cha karatasi kinachoegemea mfupa bila kuligusa jicho, akae kichwa kikiwa juu, asimeze aspirini wala ibuprofeni. Apelekwe siku hiyo hiyo hata kama uoni umerudi, kwa sababu damu huweza kuanza upya na retina huweza kuachia siku kadhaa baadaye. Kenyatta, Lions SightFirst pale Loresho au kitengo cha macho cha Kikuyu watamchunguza kwa kifaa ambacho zahanati ya mtaani haina. Waambieni ni mpira wa peintiboli na ulipigwa umbali gani. Swali hilo wataliuliza kwanza.